Magulio ya Ajira ya Uingereza na Safari ya Sheria Zake hadi Afrika Mashariki

Mwaka wa kazi katika mashamba ya Uingereza ya kale haukufuata Januari na Desemba, bali ulifuata mavuno na mifugo, hivyo siku ya kufunga kazi ya zamani na kutafuta mpya ilitofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Katika majimbo ya kusini na ya kati, ambako ngano na shayiri ndizo zilizotawala, mwaka ulifungwa kwenye Sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, wakati nafaka ilipokuwa imekwisha kuingia ghalani na mwenye shamba ana fedha mkononi. Kaskazini ulifungwa kwenye Sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Na katika baadhi ya sehemu za ufugaji ulifungwa mwezi Mei, baada ya msimu wa kuzaliwa kwa ndama na wanakondoo. Siku hiyo ilipowadia, vijana kwa maelfu walipokea ujira wao, wakaagana na matajiri wao, wakaenda mjini kusimama katika gulio la ajira, yaani mkusanyiko wa siku moja au mbili ambamo shughuli kuu haikuwa kuuza ng'ombe wala nafaka, bali mtu kumtafuta wa kumwajiri na mwajiri kumtafuta wa kumfanyia kazi. Historia ya magulio hayo, iliyodumu zaidi ya karne tano, inastahili kusomwa Afrika Mashariki kwa sababu maalumu: sheria zilizoyazunguka zilivuka bahari na kuwa msingi wa sheria za kazi za kikoloni, lakini kilichovuka kilikuwa ni adhabu na karatasi, huku uhuru wa kuhama kila mwisho wa mwaka ukiachwa Uingereza.

Chanzo cha magulio hayo kilikuwa balaa. Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua, katika muda usiofika miaka miwili, theluthi moja ya watu au zaidi, na waliosalia wakajikuta ghafla na thamani ambayo baba zao hawakupata kuijua, kwa kuwa mashamba yalibaki yaleyale na mikono ya kuyalima ilikuwa imepungua. Wafanyakazi wakaanza kudai ujira mkubwa zaidi na kuhama pale walipokataliwa. Mfalme Edward wa Tatu na mabwana wa ardhi waliomzunguka walijibu kwa amri ya mwaka 1349, na kisha kwa Sheria ya Vibarua ya mwaka 1351, iliyoagiza kwamba ujira urudi katika kiwango cha kabla ya tauni, kwamba walimaji na wachunga mifugo waajiriwe kwa mwaka mzima au kwa vipindi vingine vya kawaida na si kwa siku, na kwamba wanaotafuta kazi waende katika miji ya soko wakiwa wameshika zana zao waziwazi, waajiriwe mahali pa hadhara na si kwa siri. Kifungu hiki cha mwisho kiliwekwa ili kuzuia mapatano ya chinichini ambayo yangepandisha ujira, lakini matokeo yake yalikwenda kinyume kabisa na nia ya waliokiandika, kwa kuwa kiliwapa maskini kitu ambacho hawakuwa nacho kabla ya hapo: mahali pamoja na siku moja ya kukutana, kuulizana habari na kulinganisha malipo.

Watawala waliliona tatizo hilo upesi. Sheria iliyopitishwa Cambridge mwaka 1388 ilikataza mtumishi kuondoka katika wilaya yake, hata baada ya kumaliza muda wake, bila barua yenye muhuri inayoeleza sababu ya safari na siku ya kurudi. Mwaka 1563, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, amri za namna hiyo zilikusanywa katika sheria moja kubwa iliyoamuru kazi nyingi ziwe za mwaka mzima, ikawapa mahakimu wa amani, yaani wenye ardhi walioteuliwa kusimamia haki katika majimbo yao, mamlaka ya kupanga ujira kila mwaka, ikataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuachana, na ikamlazimu anayehama kuchukua cheti cha kuthibitisha kwamba ameachiwa kihalali. Viwango vya ujira vilitangazwa katika vikao vilivyosimamiwa na makonstebo wakuu, ambako mabwana na watumishi walifika kusikiliza na kupatana papo hapo. Kadiri miaka ilivyopita, usomaji wa viwango ulififia na mkusanyiko ukabaki, ukazungukwa na vibanda vya vyakula, wapiga zeze na michezo, hata ikawa vigumu kwa mtu wa karne ya 18 kuamini kwamba sikukuu aliyoingojea mwaka mzima ilizaliwa na sheria ya kumbana.

Waliosimama katika magulio hayo walikuwa hasa vijana. Katika Uingereza ya karne ya 16 hadi ya 18 mtoto wa familia ya kawaida aliondoka kwao akiwa bado hajafika umri wa utu uzima, akaenda kuishi katika nyumba ya mkulima mwingine, akala mezani pake na kulala katika dari yake, akafanya kazi ya mwaka kwa mapatano ya fedha ambazo kwa kawaida alizipata mwishoni. Wanahistoria wanakadiria kwamba vijana walio wengi, kati ya umri wa miaka 15 na 24, walipitia maisha ya namna hii, na utumishi ukakoma kwa ndoa, kwa sababu mwenye mke alihitaji nyumba yake mwenyewe na alikwenda kuwa kibarua wa siku. Kipindi hicho cha kati kilikuwa shule na benki kwa wakati mmoja: msichana alijifunza kukamua, kutengeneza siagi na kuendesha nyumba, mvulana alijifunza farasi na jembe, na wote wawili waliweka akiba ya kuanzia maisha. Wengi hawakukaa kwa bwana mmoja zaidi ya mwaka au miwili. Kuhama hakukuhesabiwa kuwa utovu wa shukrani, bali njia ya kupanda cheo na kujifunza kazi ambayo shamba la kwanza halikuwa nayo.

Namna ya kujitambulisha gulioni iliendeleza ile amri ya mwaka 1351 ya kushika zana waziwazi. Mchunga kondoo alifunga kishungi cha sufu kwenye kofia au nguo yake, mwendesha magari ya farasi alifunga kipande cha kamba ya mjeledi, mkamuaji alivaa singa za ng'ombe, na msichana wa kazi za ndani alishika fagio la matambara la kupigia deki, ambalo liliipa mikusanyiko hiyo jina lake katika majimbo ya kati. Mwajiri alipita kati ya safu akimwangalia huyu na yule, akauliza umri, kazi alizozifanya, kwa nani alikuwa mwaka uliopita, na kwa nini ameondoka. Mwandishi Thomas Hardy, katika riwaya yake ya mwaka 1874, Far from the Madding Crowd, alimweka mhusika wake Gabriel Oak katika gulio la aina hiyo mwezi Februari, kama ilivyokuwa katika sehemu za kusini-magharibi, na ameonyesha kwa huruma aibu ya mtu aliyekuwa na mifugo yake mwenyewe kisha akalazimika kusimama barabarani akiomba kuchukuliwa. Aibu hiyo ilikuwa ya kweli, wala haifai kuipamba desturi hii kupita kiasi, maana kupapaswa misuli na kukaguliwa mbele ya umati ni jambo linalomshusha binadamu.

Hata hivyo maswali hayakutoka upande mmoja. Kijana naye aliuliza kuhusu ujira, kuhusu idadi ya farasi, kuhusu nani mwingine amebaki shambani, na zaidi ya yote kuhusu chakula, kwa kuwa mtu anayelala na kula kwa tajiri yake hupokea sehemu kubwa ya malipo yake katika sahani. Katika Yorkshire ya mashariki, ambako desturi hii ilishika mizizi kuliko pengine popote, sifa ya kila shamba ilijulikana kwa vijana wote wa jirani, na nyumba iliyokuwa na nyama haba au mama mwenye mkono mzito ilikosa watu wazuri au ililazimika kuwalipa zaidi. Habari hizo zilipitishwa gulioni kwa mdomo, bure, na zilimfikia hata asiyejua kusoma. Hii ndiyo nguvu halisi ya gulio, nayo haikuonekana na wakosoaji waliotazama ulevi tu: siku moja kwa mwaka, wenye mashamba wote walihukumiwa na watumishi wao wa zamani, na hukumu ilitekelezwa kwa watu kukataa kwenda.

Mapatano yalipofikiwa, mwajiri alimtia kijana sarafu mkononi. Hii ilikuwa arubuni, yaani malipo madogo ya kuthibitisha mkataba, ambayo hapo kale ilikuwa peni moja na baadaye ikawa shilingi au zaidi, na mtu akishaipokea alihesabiwa kuwa amefungwa kwa mwaka, ingawa hakuna aliyeandika neno. Aliyekwisha kuipata aliondoa alama ya kazi yake, akafunga utepe wa rangi, na umati ukajua kwamba huyo ameshachukuliwa. Fedha yenyewe kwa kawaida haikufika jioni.

Muda wa mwaka mzima ulikuwa na uzito mwingine ambao msomaji wa leo hawezi kuukisia. Kwa sheria za mwishoni mwa karne ya 17, mtu asiye na ndoa wala watoto aliyeajiriwa na kutumika mwaka kamili katika parokia, yaani eneo la kanisa ambalo pia lilikuwa kitengo cha utawala, alipata haki ya kuhesabiwa kuwa mwenyeji wa hapo, na mwenyeji akiugua au kuzeeka katika umaskini alitunzwa kwa kodi ya wakazi. Walipa kodi walitambua mzigo huo, na wengi wakaanza kuwaajiri watu kwa wiki 51, ili siku chache zilizopungua zimnyime mtumishi haki ya maisha yake yote. Mahakimu walipitia kesi zisizohesabika za kuulizana kama kijana fulani alianza kazi asubuhi ya siku hii au jioni ya siku ile, na mafaili ya mahojiano hayo, yanayohifadhiwa hadi leo, ni miongoni mwa sehemu chache ambamo sauti za watumishi wa kawaida zimeandikwa. Kijana aliyefika shambani siku mbili baada ya siku ya mapatano, kwa kuwa alipitia kwao kumwona mama yake, angeweza kugundua miaka 40 baadaye kwamba siku hizo mbili zilimpotezea makao. Njia hiyo ya kupata uenyeji ilifutwa mwaka 1834.

Kuanza kazi mpya kulikuwa na taratibu zake. Kaskazini palikuwapo wiki moja hivi ya mapumziko kati ya kuondoka na kuingia, ambayo kwa vijana wengi ilikuwa likizo pekee ya mwaka. Walikwenda kwao, wakashonewa nguo, na sanduku la mbao lenye mali yao yote likatangulizwa kwa gari la farasi. Mgeni alipowasili alipaswa kwanza kujua nafasi yake. Katika mashamba makubwa ya Yorkshire vijana wa farasi walipangwa kwa vyeo, kuanzia mkuu wao, akifuatiwa na wa tatu, wa nne na kuendelea hadi kijana mdogo kabisa, na mpangilio huo ulifuatwa mezani, zizini na wakati wa kutoka na farasi asubuhi, kiasi kwamba aliyemtangulia mkubwa wake alijitafutia ugomvi wa mwaka mzima. Mwajiri hakueleza mambo haya. Mgeni aliyatazama, akanyamaza, akafundishwa na aliye juu yake kidogo. Wale waliotambua mapema kwamba wamekosea njia walikuwa na tegemeo moja: katika miji mingi wiki moja au mbili baada ya gulio kuu lilifanyika gulio dogo la pili, ambalo kwa Kiswahili lingeitwa gulio la watoro, ambapo mtumishi aliyejuta na bwana aliyejuta waliweza kutafuta upya. Stratford-upon-Avon hufanya magulio yote mawili hadi leo kila Oktoba, japokuwa sasa ni ya bembea na peremende tu. Busara ya gulio la pili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu jamii iliyofunga watu kwa mwaka kwa mazungumzo ya dakika chache ilikiri wazi kwamba uamuzi wa haraka huenda ukahitaji kurekebishwa, na ikauwekea urekebishaji huo siku yake.

Kimila, basi, kulikuwa na nafasi ya kurudi nyuma; kisheria haikuwapo. Chini ya sheria za bwana na mtumishi, hasa ile ya mwaka 1823, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda alitenda jinai, yaani kosa dhidi ya dola lenye adhabu ya kifungo, na angeweza kupelekwa gerezani hadi miezi mitatu pamoja na kazi ngumu kwa amri ya hakimu ambaye mara nyingi naye alikuwa mwajiri. Bwana aliyevunja mkataba uleule alikabiliwa na madai tu, yaani shauri la kulipa fedha. Kati ya mwaka 1858 na 1875 watu wapatao 10,000 kwa wastani walishtakiwa kila mwaka katika England na Wales kwa makosa ya aina hiyo. Vyama vya wafanyakazi vilipigana na dhuluma hii kwa miaka mingi, na mwaka 1875 Bunge likaifuta, likaacha kuvunja mkataba wa kazi kuwe shauri la madai kwa pande zote mbili.

Magulio yenyewe yalikufa polepole. Kusini yalidhoofika tangu mwaka 1815 hivi, kwa kuwa wenye mashamba waliona ni rahisi kumlipa kibarua kwa wiki kuliko kumlisha kijana mezani wakati chakula ni ghali na watu wasio na kazi ni wengi. Makasisi wa katikati ya karne ya 19 waliyashambulia kwa sababu ya ulevi na hatari kwa wasichana, wakapendekeza ofisi za kuandikisha watafuta kazi na barua za sifa kutoka kwa waajiri wa zamani. Tangu mwaka 1909 sheria ikaruhusu serikali kufungua ofisi za umma za kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, nazo zikaanza kazi Februari 1910. Yorkshire ya mashariki na kaskazini mwa Ayalandi ziliendelea na magulio hadi karibu na Vita Kuu ya Pili, na huko Ayalandi, katika miji kama Strabane na Derry, waliosimama barabarani kila Mei na Novemba walikuwa mara nyingi watoto wa familia fukara, waliokwenda kutumika kwa miezi sita mbali na wazazi wao. Hicho ndicho kipande cha historia hii kisicho na utetezi wowote.

Miaka 31 baada ya Waingereza kufuta kifungo cha mfanyakazi mtoro kwao, utawala wao katika Afrika Mashariki ulikiweka. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimfanya Mwafrika wa Kenya aliyeacha kazi kabla ya muda, au aliyeifanya kwa uzembe, astahili faini au gereza, na Tanganyika ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1923. Wajerumani nao walikuwa wametangulia kwa njia yao: katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, tangu mwaka 1907 kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Lakini karatasi iliyoacha kovu kubwa zaidi ni kipande cha Kenya, kilichoamriwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilibeba alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kumaliza kazi, na kiasi cha ujira, nacho kilitiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Asiyekuwa na sahihi ya kuachiwa hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine, na mwajiri mpya aliyesoma ujira wa zamani hakuwa na sababu ya kutoa zaidi, kwa hiyo mapatano yalikwisha kabla ya kuanza.

Barua ya mwaka 1388 na cheti cha mwaka 1563 vilikuwa karatasi za ukoo mmoja na kipande, lakini huko Uingereza vilikufa kwa kupuuzwa, kwa kuwa palikuwapo gulio ambamo vijana walihitajika na siku iliyojulikana ya kuondoka. Kenya iliwekewa karatasi bila gulio. Chama cha East African Association, kilichoongozwa na Harry Thuku tangu mwaka 1921, kiliweka kipande na kupunguzwa kwa ujira mbele ya malalamiko yake, na Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai Thuku aachiliwe walipigwa risasi na kuuawa. Kipande kilidumu robo karne zaidi, hadi sheria ya mwaka 1947 ilipoleta kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Sheria za leo zimeigeuza karatasi hiyo upande wa mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 zinamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi, nayo ya Kenya inaeleza kwamba mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia yake. Kila anayefunga kazi Desemba na kuanza nyingine Januari, awe karani au mpishi wa nyumbani, na adai cheti hicho kabla ya kuaga, maana watu walifungwa na kuuawa kabla hakijawa haki yake.